Mabamba ya Mjomba Benedikto

Kwetu Uluguru mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote, mke akiwemo. Ndiyo maana mwaka ule wa vita, maisha ya mume wangu Agustino yalipojadiliwa, mimi nilisimama mlangoni mwa karakana, na Benedikto, mjomba wake, akakaa mbele.

Agustino alikuwa dereva wa jeshi. Alipangiwa kigari kidogo cha kuvuka maji: magurudumu manne, propela nyuma, bodi ya chuma chembamba. Alikiita karai lenye injini, tukacheka. Vigari vitatu vya aina hiyo vililetwa Morogoro, kwenye karakana ya umma alikofanya kazi mjomba, vifanyiwe matengenezo kabla ya kwenda mpakani. Mjomba akagonga bodi kwa spana, akasikia ilivyolia, akasema hampeleki mtoto wa dada yake vitani ndani ya debe.

Akaitisha kikao. Miaka ile mfanyakazi alikuwa na sauti, na Benedikto, mwenyekiti wa kamati, alikuwa nayo kuliko wote. Alitaka mabamba mazito yachomelewe pande zote.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Injinia Salum, kijana wa Tanga, "aliyeunda hiki alijua risasi itapenya. Alichagua wepesi, ili kielee na kikimbie. Ukikivika deraya, umekinyang'anya mto."

"Una mpwa wako atakayepanda humu?"

"Sina."

"Basi kaa."

Wakapiga makofi. Mmoja akasema huo ndio ubwanyenye, kuona bati linamtosha mtoto wa mkulima. Kura zikapigwa, mikono ikawa msitu. Salum akaomba jambo moja tu, kijaribiwe majini kwanza. Chuma kilichopatikana kilitosha kigari kimoja, na hakuna aliyeuliza kiwe cha nani.

Wakakijaribu katika mto Ngerengere, mvua za vuli zikiwa zimechelewa. Kikaingia upande huu kikatokea upande ule, nasi wanawake tukapiga vigelegele. Salum akavua viatu, akaingia palepale kilipopita. Maji yakamfika mapajani.

"Hakikuelea," alisema. "Kimetembea chini."

Nani amsikilize? Mjomba alikwishapanda juu ya kigari, anacheza ngoma bila ngoma. Mimi nilimsikia Salum, vigelegele vikanikauka.

Tukirudi nyumbani nikamsihi Agustino akakatae.

"Nimkatalie mjomba?" aliniuliza. "Halafu nikifa nani atanizika, Kristina? Wewe?"

Habari ya kifo chake ilifika kabla ya Krismasi. Mwili haukufika. Tulikaa matanga huko juu Mgeta, na Yunusi, mwenzake aliyekuwa naye ndani ya kigari, akaja na mkono uliofungwa bendeji. Akawaamkia wazee, shikamoo kwa kila mmoja, akakaa. Mjomba hakungoja hata anywe maji.

"Sema mbele ya watu, mwanangu. Yale mabamba yalizuia risasi?"

Yunusi akatazama chini. "Hapakuwa na risasi, mzee. Adui alikuwa amekwishakimbia. Tulivuka asubuhi, kumetulia, hata ndege tunawasikia. Vigari viwili vilifika ng'ambo. Chetu kilizama kabla ya katikati. Mlango wa upande wake ulikuwa mzito kwa lile bamba, tukausukuma wote wawili, maji nayo yanausukuma kwetu. Mimi nilipenya juu. Yeye hakujua kuogelea."

Hilo nililijua. Vijito vya milimani kwetu vina kasi lakini havina kina, mtoto ataogelea wapi?

Nikangoja mjomba aangue kilio, ajigaragaze, aseme lolote. Akajikohoza.

"Lakini mabamba yenyewe," alisema, "hayakuachia pale yalipochomelewa?"

"Hayakuachia, mzee. Hayana hata mkwaruzo."

Mjomba akakubali kwa kichwa taratibu, akawageukia wenzake wa karakana, nao wakaitikia kwa vichwa. Kazi ilikuwa nzuri. Nilimchukia palepale, mbele ya sufuria za matanga, na bado namchukia.