Ukoo wa Pentium

Bi Kudra aliuza samaki Mchinga miaka kumi na miwili kabla ya kufungua kibanda cha uchapaji Lindi mjini, na pua yake haikustaafu. Ndiyo maana kompyuta ya mtumba aliyoletewa na Erasmo, mchuuzi kutoka Dar, ilimtia wasiwasi mapema. Sanduku lilikuwa limechubuka kote, lakini karatasi iliyobandikwa ubavuni iling'aa: Pentium 3.

"Shikamoo, mama. Pentium 3 ni prosesa, yaani ubongo wake, na hii ina kasi ya megahezi mia tano."

"Marahaba. Mbona ina joto?"

"Nimekuwashia mapema ili usisubiri."

Aa! Bi Kudra alijua: samaki aliyetolewa matamvua yanayofichua uozo kabla mnunuzi hajafika, huyo ameoza. "Izime, uiwashe tena."

"Ikizimwa inaharibika, mama!"

Bi Kudra alichomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Kioo cheusi kikamwaga maandishi meupe. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini tarakimu alizijua tangu enzi za mizani: megahezi 133.

Erasmo akajitetea: "Hiyo ni Pentium ya kwanza, mama. Lakini ya kwanza na ya tatu ni ukoo mmoja."

"Hata dagaa na nguru wote ni samaki." Bi Kudra aliibandua ile karatasi kwa ukucha, akambandika Erasmo kifuani. "Haya, sasa Pentium 3 ni wewe. Beba ubongo wako utoke mbio, nizione hizo megahezi mia tano."