Tone Moja la Evodia

Tone moja la kidole, litaondosha simanzi,
Na bibi asonge mbele, ampakate mpenzi.

...na kidole chenyewe wala hakikuuma, Evodia akabana pamba, amesimama nje ya dirisha la maabara ilhali wenzake wamejaa kwenye benchi, hakutaka kumkoholea mtu, kama ambavyo hakutaka kumkoholea mjukuu, ambaye tangu azaliwe hajampakata, humtazama tu kutoka uwanja wa kupuria alizeti, na Jenifa, mke wa mwanawe, humwinua mtoto juu, "Mwone bibi yako, anakuogopa!"... ulimi mwepesi huo, lakini machozi yake nayo Evodia aliyaona... "Pamba usiitupe hapo, mama," Clement wa maabara alisema kutoka ndani, tone lile keshalidondosha kwenye kipimo kipya, kisichozidi kiganja cha mtoto, hiki si hukumu, alimweleza, kinatuonesha nani tumchunguze zaidi kifua kikuu... lau kingekuwapo siku ya kile kikopo cha makohozi, aibu iliyoje, maana alfajiri ile alilamba asali ya nyuki wadogo alainishe kifua, kisha akakohoa, akakohoa, kikopo kikapata mate matupu, na Clement akakiinua, "Shikamoo mama, haya ni mate, tena nyuki watayafuata!", benchi zima likaangua kicheko, naye akaapa harudi... karudi, basi, na jibu likiwa ndiyo?... ndiyo, watamchunguza zaidi, na wakiukuta ugonjwa dawa zipo, jirani yake Filipo alizimeza hadi mwisho, leo analima mpaka ng'ombe wanachoka kabla yake, na likiwa hapana?... hapana, watatafuta kinachomkohoza, huenda ni vumbi la makapi tu, ee Mungu wangu, vumbi... ajabu, mbona njia zote mbili zinaelekea nyumbani, moja fupi, moja ndefu, zote zinaishia kwa mtoto yuleyule mwenye paji la uso la marehemu mume wake, na pale kifuani palipozoea kikohozi kikampanda kicheko, mikono ikajikunja yenyewe, ikaanza kubembeleza hewa, taratibu, huku na huku...

"Bado kidogo, mama," Clement alisema.

"Njoo ukae, bibi," mwanamke mmoja akaita, akijibana. "Hiyo miguu hujaikodi, ni yako, ipumzishe!"

"Niache, mwanangu. Mtoto habembelezwi kwa kukaa."

Wote walikuwa wameketi. Evodia peke yake ndiye aliyesimama.