Wakubwa Waliokufa Mwaka Huu

Mwaka huu kifo kiliamua kuchukua watu wenye majina pale Amagoro: daktari wa mifugo, kocha wa mpira, mtangazaji wa redio na diwani mstaafu. Kama ilivyo desturi, kila Desemba picha za wakubwa waliokufa mwaka huo hupangwa mezani, padri huwaombea, kisha chungu cha ajono, pombe ya wimbi, huwekwa katikati. Watu huketi kukizunguka na kunywa kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani huku wakisimulia habari za marehemu.

Petronilla alitaka kitu kimoja tu: picha ya mumewe, Omuse, ikae kwenye meza hiyo. Omuse naye alikuwa amekufa mwaka huu. Mzee Callistus, mwenyekiti wa hafla hiyo, alimkatalia mbele ya watu.

"Pole, mama, lakini hii meza ni ya watu wakubwa. Omuse alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kutengeneza mirija."

"Haya basi," alisema Callistus, kana kwamba kesi imekwisha.

Neno hilo lilimchoma Petronilla, maana bado alilala ukingoni mwa kitanda akimwachia Omuse nafasi yake. Hata hivyo aliaga kwa adabu. Na adabu ya Petronilla ilikuwa kitu cha kuogopwa.

Siku ilipofika alikuja na picha ya Omuse na mkeka, akautandika nusu, nusu iliyobaki akaiacha imeviringwa na kuikalia. Maombi yakaisha. Maji moto yakamiminwa chunguni, povu likapanda, mate yakawajaa watu mdomoni. Callistus akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyozoea miaka yote, Omuse amtilie mrija kiganjani. Mkono ukabaki hewani.

"Mama, mirija iko wapi? Si hukaa kwako?"

Petronilla akajitia hamnazo. "Mirija? Hiyo si kitu ya watu wakubwa, mzee. Nilidhani leo mtatumia kitu ingine."

Ikaletwa mirija ya soda kutoka dukani. Ilikuwa mifupi mno, Callistus akalazimika kuinama mpaka pua ikazama kwenye povu. Akavuta, makapi ya wimbi yakauziba mrija. Akavuta kwa hasira, akapaliwa, akainuka na makapi kwenye masharubu. Watu wakavunjika mbavu.

"Bwanangu alikuwa anasema mrija ya Omuse haizibi hata siku moja," akasema Amuge, mjane wa kocha, akijifuta machozi ya kicheko. "Wekeni hiyo picha tukunywe!"

Callistus alijipangusa pua, akaipokea picha, akaiweka mwisho wa meza.

"Katikati, mzee," Petronilla akamwambia.

Akaihamisha. Hapo ndipo Petronilla aliposimama na kuukunjua mkeka: mirija yote ilikuwa humo, amekuwa akiikalia tangu asubuhi. Akaigawa, mpaka ukabaki mmoja wenye uzi mwekundu, wa Omuse mwenyewe.

Alikuwa amepanga kuulaza kando ya picha. Badala yake akautia chunguni, akavuta. Pombe ikapanda safi, bila kapi hata moja. Akacheka, kisha akalia, mrija ukiwa bado mdomoni, kwa jinsi alivyomkumbuka mumewe.

Callistus akasogeza kiti chake, akampa nafasi.