Mabega ya Philbert

Mwaka 1974 Mujuni na Philbert walikuwa makarani wa chama cha ushirika cha kahawa katika kijiji cha Ijumbi, na wote wawili walikuwa wamenenepa. Kazi yao ilikuwa ya kukaa. Mchana ebitoke, ndizi za kupika, sahani mbili, jioni lubisi, pombe ya ndizi. Siku moja muuguzi wa zahanati, Ma Felicitas, aliwapima presha akawaambia wapunguze matumbo. Wakakubaliana kuanza siku ileile.

Mujuni alikuwa mtu wa haraka. Aliacha chakula cha mchana, na usiku akanywa chai tupu. Philbert hakuacha kula. Alipunguza ebitoke, akaongeza maharage na dagaa, akaacha pombe. Kisha akawa anakwenda nyuma ya ghala la chama kunyanyua mawe. Jiwe moja mara nane, wiki inayofuata mara kumi. Alinyanyua leo, kesho akapumzika.

Baada ya miezi miwili walipanda kwenye mizani ya kahawa. Mujuni alikuwa amepungua kilo kumi na moja, Philbert mbili tu.

"Hayo mawe yako yanakunenepesha!" Mujuni alicheka.

"Tutaona, waitu, rafiki yangu," alisema Philbert, akakaza mkanda wake. Mujuni aliona tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na kicheko kikamwishia.

Tangu siku hiyo hakuweza kuacha kumtazama. Shati la Philbert lilijaa mabegani, likapwaya tumboni. Mujuni mwenyewe mashavu yalikuwa yamebonyea, mikono imesinyaa, na tumbo bado lipo, limelegea tu.

"Ta Philbert amerudi ujanani," mke wa Mujuni, Adventina, alimwambia usiku akimmiminia chai. "Wewe unaumwa?"

Mujuni alisukuma kikombe pembeni. Alfajiri alikwenda nyuma ya ghala, akayabingirisha mawe yote bondeni. Philbert alipofika, Mujuni akimchungulia kutoka dirisha la ofisi, aliangalia huku na huku, hakuuliza kitu, akaenda kutafuta mengine. Hilo lilimuuma Mujuni kuliko kama angetukanwa.

Jumamosi kijiji kizima kilitoka kubeba matofali ya darasa jipya. Philbert alibeba manne. Mujuni akachukua sita, watu wamwone. Katikati ya mlima alianguka na matofali yake, akashindwa kuinuka.

Philbert ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Njia nzima Mujuni aliyasikia yale mabega, magumu chini ya kidevu chake, na wivu ukamtoa machozi.

"Vumilia, tunakaribia," alisema Philbert, akidhani ni maumivu.

Kitandani Mujuni alishindwa kunyamaza. "Mawe yako niliyatupa mimi."

"Najua. Nilikuona ukitoka."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ungekuwa umekula, ungeyatupa mbali zaidi."

Mujuni alicheka bila kupenda. "Itanichukua muda gani kufika ulipo?"

"Mimi huu mwezi wa tatu, na bado."

Mujuni akaanza upya na jiwe dogo kuliko yote, na akala. Wiki zilipita bila badiliko lolote, na kila siku aliyaangalia mabega ya Philbert kwa uchungu uleule. Mwezi wa nne tangu aanze upya, Adventina alimtuma shambani kukata mkungu wa ndizi. Aliubeba hadi nyumbani, na alipoutua mlangoni ndipo alipogundua kwamba hakupumzika njiani hata mara moja.

Kabla ya kuingia ndani aligeuka, akatazama upande wa kwa Philbert, aone kama yupo nje na kama amemwona.