Mizimu ya Kizungu ya Port Bell

Zéphyrin aliwadharau wateja wake hata kabla hawajashuka garini. Kila Jumamosi alasiri walimkuta kwenye reli kuukuu ya Port Bell, kando ya ziwa, amevaa koti jeusi la sufu na kofia ndefu kama chungu kilichopinduliwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Mavazi hayo aliyachagua Rajab, tajiri wake, mwenye gereji kule Kisenyi. Rajab alikuwa amesikia kwamba Ulaya watu hulipa ili watembezwe katika miji ya pwani na kuonyeshwa mizimu. Akaona Kampala nayo ina maji na ina magofu, kilichopungua ni mizimu tu. Basi akaitunga mwenyewe, amelala chali chini ya gari la mtu, spana mkononi.

Yote ilikuwa ya kizungu. Kulikuwa na Bibi Mweupe aliyengoja meli ya mchumba wake mpaka akafa kwa homa. Kulikuwa na karani wa reli asiye na kichwa. Kulikuwa hata na mbwa wa gavana. Zéphyrin, aliyewahi kufundisha historia katika sekondari moja ya Bukavu kabla vita havijamtoa kwao, alisimulia habari za mbwa huyo kwa sauti ya kutetemeka huku moyoni akitema mate. Vijana wa maofisini kutoka Ntinda na Bukoto, viatu vyeupe miguuni, walipiga mayowe palepale alipotaka wapige. Kwake walikuwa kuku tu: wamwagie punje, watakuja mbio.

Jumamosi moja, katikati ya kuku hao, alikuwemo mama wa makamo yaliyokwisha kupita, leso begani na mkoba wa ngozi kwapani. Jina lake Abalo, mjane wa mwanajeshi. Zéphyrin alimwangalia akasema moyoni, huyu kapotea njia ya kanisani. Mama yule hakupiga mayowe wala hakucheka. Alifuata kimya, akipita kando ya samaki wadogo walioanikwa juani, mpaka kwenye gati bovu ambapo Bibi Mweupe hukata roho kila wiki.

"Mizimu yako yote ni wazungu?" akauliza hadithi ilipokwisha.

"Ndiyo historia ya hapa, mama."

"Na sisi? Sisi hatukufa?"

Vijana wakaangua kicheko. Abalo hakugeuka kuwatazama. Akaeleza kwamba kaka yake, Oyet, alikuwa askari kijana katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, askari walipowageuka askari wenzao. Alichukuliwa usiku yeye na wengine wa kaskazini, hakurudi. Watu walinong'ona kwamba wametupwa majini, upande huu.

"Wewe unayekaa na wafu kila wiki," akasema, "hujawahi kumwona?"

Zéphyrin akamtazama kwa dharau isiyo na haya. Mtu mzima na mvi zake, anamuuliza mwongo wa kulipwa habari za maiti! Haya, naye anataka punje. Akashusha sauti.

"Nimemwona, mama. Kijana wa magwanda. Anasimama pale kwenye mawe, anaangalia kaskazini. Anasema anataka kurudi nyumbani."

Kicheko kikakatika. Abalo hakulia. Alimshika mkono binti mmoja aliyekuwa na simu.

"Mpige picha, mwanangu. Picha ya kutembea. Na wewe bwana, sema tena, sema kwa sauti."

Akasema tena. Safari hii akaongeza na machozi ya yule kijana, maana hakutaka kufanya kazi nusunusu.

Jumamosi iliyofuata alifika akakuta reli imejaa watu. Rajab alikuwa ameiona video hiyo, akaleta viti vya plastiki na umati mara tatu ya kawaida.

"Zefe, bwana!" alipaza sauti kwa furaha. "Leo tuna mzimu wa kweli. Na ukoo wake mzima umekuja!"

Ukoo ulikuwa kando ya maji: wanaume kadhaa, wanawake, na mbuzi mweupe kwenye kamba. Mbele yao alisimama mzee mrefu aliyenyooka kama mlingoti, kaka mkubwa wa Abalo, Otema, inspekta mstaafu wa polisi. Zéphyrin akarudi nyuma hatua moja. Wateja wake aliweza kuwadanganya mpaka kiama. Hao walilipa pesa zao wenyewe ili wadanganywe. Lakini huyu mzee alikuwa ameshika kitambaa cheupe cha kubebea udongo wa kuzika nyumbani badala ya mwili wa ndugu yake.

Akamvuta Abalo pembeni.

"Mama, unisamehe. Mi sikuona kitu. Nilisema uongo."

Abalo akamwangalia kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayeangalia nyanya iliyooza.

"Unafikiri mimi ni mjinga? Tangu lini mtoto wetu atoke majini aseme na wewe Kiswahili, si lugha ya kwao?"

"Basi kwa nini..."

"Huyu kaka yangu alikataa maisha yake yote kutaja jina la Oyet. Alikuwa polisi, aliogopa. Halafu woga ukawa mazoea. Mimi nimesema, nimelia, hakusikia. Lakini mtu wa mbali akisema kwenye simu, anasikia. Mwongo wa bei rahisi nilimhitaji, nikakupata wewe. Sasa twende, onyesha mawe, halafu funga mdomo."

Zéphyrin akaonyesha mawe. Mzee Otema akakanyaga maji kwa viatu vyake vilivyong'arishwa, akaliita jina la ndugu yake. Mara ya kwanza kwa sauti ya gwaride. Mara ya pili sauti ikapasuka.

Nyuma, Rajab alikuwa akisogeza umati. "Karibuni mbele, karibuni! Simu juu!"

Zéphyrin akawageukia, akanyoosha mikono yote miwili kuziba njia.

"Rudini. Hakuna ziara leo."

"We Mkongo, una wazimu? Hawa wamelipa!"

"Warudishie. Waonyeshe mbwa wa gavana."

"Kazi huna!"

"Sina," akakubali, na hakuisogeza mikono yake mpaka mbuzi akachinjwa na udongo wa ufukoni ukafungwa kitambaani.

Walipokuwa wakiondoka, Abalo akapita bila hata kumtupia jicho. Lakini Mzee Otema akasimama, suruali imelowa hadi magotini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Wewe peke yako ulimwona."

Abalo, hatua chache mbele, aligeuka ghafla, akamkazia macho Zéphyrin.

Ukweli ukamjaa mdomoni, mchungu kama shubiri. Akaumeza.

"Pole, mzee," akasema, na hakuuachia mkono ule mpaka mzee mwenyewe alipoutoa.