Chupa Kumi na Mbili za Matano

"Mama, nikuulize jambo, usikasirike," Quinter, mtafiti wa maabara, alisema, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Mzee Matano aliwahi kuteka maji kisimani?"

Mwanasaumu akaacha kusuuza. Alikuwa ametoka eda wiki iliyopita, akapewa kazi ya kuosha vyombo katika maabara hii ndogo ya Likoni, palepale marehemu mumewe, Matano, alipokuwa mteka maji ya bahari kwa miaka minne.

"Matano alikuwa mvivu wa kuoga, mwanangu. Si wa kazi."

Quinter alicheka, kisha akaeleza taratibu. Virusi wa baharini, wadogo kuliko hata bakteria wanaowashambulia, wana vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina ukoo wake. Kazi yake ni kuzipanga koo hizo ili ajue virusi gani wanaishi wapi na wanamshambulia nani. Lakini chupa kumi na mbili za mwisho za Matano zilikuwa na koo za maji matamu, za nchi kavu.

"Ameandika 'mwambani, maji yakiwa yamekupwa.' Mwamba ule ni chumvi tupu, Mama. Nisipopata maelezo, nitazimwaga. Na wenzangu watauliza kuhusu zile za nyuma pia."

Mwanasaumu alifuta mikono kwa leso yake, kidole baada ya kidole.

"Kesho bamvua, maji yatakupwa mbali. Vaa viatu vya kulowa."

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mwanasaumu alitangulia, akikwepa mafuma, wale viumbe wa bahari wenye miiba kama sindano, hadi kwenye ufa mwembamba ambapo mchanga ulikuwa ukichemka bila moto.

"Kunywa."

"Maji ya bahari?"

"Kunywa, mwanangu. Siyo sumu."

Quinter akapiga magoti, akakinga kiganja, akaonja. Akaonja tena. Miwani ikamteleza mpaka puani.

"Ni matamu!"

"Sisi wanawake wa kuvua pweza, hapa ndipo tunapokata kiu. Matano nilimleta mimi, tuna mwezi mmoja wa ndoa. Akanicheka, eti nimeolewa nikiwa na wazimu. Kisha akanywa hadi tumbo likamuuma."

Quinter hakucheka. Alitoa simu, akapiga picha za ufa ule, akapima chumvi mara tatu kwa kifaa chake. "Hakuna aliyejua virusi hawa wanaishi hapa," alisema. "Simwagi hata tone. Na jina la Mzee Matano litaandikwa kwenye utafiti. Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Ungeweza kumwaga tu, mimi nisijue. Ukaniuliza. Mungu akulipe kheri."

Maji yalianza kurudi. Quinter akaita waondoke, akatangulia na vifaa vyake. Mwanasaumu aliinama, akaweka kiganja juu ya ufa. Maji baridi yalimsukuma kutoka chini, bila pupa, na mawimbi ya kwanza yakamfikia kwenye vifundo vya mikono.