Kibodi za Boksi

Shule ile ilikuwa na chumba kizima cha kompyuta, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuzigusa. Usicheke. Zilivishwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni, na ufunguo wa chumba ulining'inia kiunoni kwa Mkuu wa shule. Mkuu alisema watoto wana mikono michafu. Vitufe vitang'oka, halafu wageni wakija waonyeshwe nini?

Ila somo la kompyuta lilifundishwa, tena kila wiki. Kila mtoto alikata kipande cha boksi, akachora vitufe kwa kalamu, akajifunza kuchapa hapo. Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo na boksi ni jepesi, kwa hiyo mkono wa kushoto ulilikandamiza lisipeperuke, wa kulia ukachapa. Walikwenda hivyo mpaka wanamaliza shule. Na walikuwa na kasi, usifanye mchezo.

Darasa la mwisho lilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Mbishi, na dada yake ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alimaliza mwaka uliotangulia kwa cheti cha "Vizuri Sana", mama yao akakitia kwenye fremu. Kisha akaenda kujaribiwa kazi katika ofisi ya kupokea mizigo. Wakampa mashine. Masikini dada wa watu, akakandamiza kibodi kwa mkono wa kushoto, akaanza kudonoa kwa wa kulia. Ofisi nzima ikaacha kazi kumtazama, na mmoja akamuuliza kama anaogopa itakimbia. Alirudi nyumbani akaigeuza fremu ikatazama ukuta. Tangu siku hiyo, ukitaja kompyuta anainuka anatoka.

Mbishi mwenyewe alipewa jina hilo na shangazi yake tangu ananyonya, maana hata titi alikuwa anachagua. Kila asubuhi akivaa viatu aliuona mgongo wa ile fremu. Alikuwa amebakiza muhula mmoja, na cheti kama kile kilikuwa kinamsubiri. Hakukitaka. Alitaka kuchapa kweli.

Basi wageni wakatangaza kuja kukagua jinsi shule inavyoandaa watoto kwa dunia ya kazi inayobadilika. Mkuu aliyaandika maneno hayo kwenye kitambaa kirefu langoni. Vile vitambaa vya kudarizi vikavuliwa, mashine zikawashwa, na darasa la mwisho likaketishwa mbele ya mashine hizo, mikono mapajani. Mgeni akiuliza, waitikie wote pamoja kwamba wanajua. Wasiguse kitu.

Kiongozi wa wageni, mama mtu mzima mwenye miwani, hakuja kusikiliza kwaya. Alisimama nyuma ya Mbishi akamwomba aandike jina la shule. Mkuu akakohoa. Mbishi akainua mikono, na ule wa kushoto, bila kutumwa, ukaenda kukandamiza kibodi.

Akauona. Angeweza kuuondoa haraka, akajikokota kwa mikono miwili na yakaisha. Akamkumbuka dada yake, akauacha palepale. Akachapa kwa mkono mmoja, polepole, mgeni aone vizuri.

"Mbona unaishikilia, mwanangu?"

Mkuu akadakia kwamba mtoto ana kasoro ya mkono tangu kuzaliwa. Loo, mtu mzima na mvi zake!

"Mkono wangu mzima, mama," alisema Mbishi. "Tumefundishwa kwenye boksi. Usipolikandamiza linapeperuka. Kwenye hizi tumeketishwa leo kwa ajili yenu, na mkiondoka zinafungiwa."

Mgeni hakubishana na mtu. Aliwaomba wengine nao waandike, na chumba kizima mikono ya kushoto ikashuka pamoja, ikakandamiza. Mkuu akageukia dirishani. Wakati wa kuaga, yule mama alisema atarudi, na hakusema lini.

Jioni ile Mbishi aliambiwa asikanyage shule mpaka mzazi aje kuomba radhi. Mama yao alikuwa safarini. Dada alisikiliza habari yote, na mara hii hakutoka chumbani. Akaenda ukutani, akaitungua fremu.

Asubuhi walimwamkia Mkuu shikamoo, maana adabu ni adabu. Kisha dada akaweka fremu mezani kwake.

"Radhi hakuna, Mwalimu. Hapa umeandika najua kompyuta, na sahihi ni yako. Nimekuja unifundishe."

Mkuu akamjibu kwamba shule haina nafasi kwa waliokwisha kumaliza.

"Nimemaliza nini? Mimi hata sijaanza."

Akavuta kiti, akaketi. Mbishi akavuta cha pili. Nje, darasa la mwisho lilikuwa limejipanga mlangoni pa chumba cha kompyuta, na maboksi yao wameyarundika kizingitini. Mkuu aliwatazama kupitia dirishani, akaitazama sahihi yake, na labda akamkumbuka yule mama mwenye miwani. Njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa amefika mwisho wake. Akaufungua ufunguo kiunoni.

Dada na mdogo wake walikaa kwenye mashine moja. Mkono wa kushoto wa Mbishi ukaenda tena kukandamiza, dada akaupiga kofi dogo.

"Iachie. Haikimbii," alisema. "Na sisi hatutoki."